Kipimo cha damu kwa waliopandikizwa figo: bima ya Marekani haikukosea sana

Machi 2023 wasimamizi wa Medicare, bima ya afya ya serikali kule Marekani, walibana malipo ya kile kipimo cha damu kinachotafuta vinasaba vya figo iliyopandikizwa, hasa kumpima mara kwa mara mtu asiye na dalili, na wagonjwa wakaja juu kweli. Nawaelewa. Kriatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi) ikipanda mara nyingi figo imeshaumia, na biopsi sio mchezo, unachomwa sindano kwenye figo yenyewe kutoa kipande cha kupima halafu unalala masaa mkojo unaangaliwa kama una damu. Ukiambiwa kachupa ka damu kanatosha, nani atakataa?

Ila hebu tuangalie namba. Utafiti wa 2017 ambao kila mtu anautaja ulikuwa na sampuli 107 zilizolinganishwa na biopsi, na kwenye 27 mwili ulikuwa kweli unaikataa figo. Mstari ukiwekwa 1% (yaani vinasaba vya figo vikizidi 1% ya vinasaba vyote vilivyo kwenye damu, unahesabiwa una shida), kipimo kilinasa kama 59% ya hao, na wasiokuwa na shida hiyo kiliwapitisha kama 85%. Watu wanaisikia 85 wanapiga makofi. Lakini hao walikuwa wameshashukiwa, ndo maana walichomwa sindano! Sasa chukua watu 100 wanaojisikia fresh, tuseme 5 tu ndo mwili umeanza kuikataa figo kimyakimya: utanasa 3, wawili watarudi home na majibu mazuri, na 14 hivi wasiokuwa na kitu watapewa presha ya bure. Na hao 14 wataenda wapi? Kwenye sindano ileile tuliyosema tunaikwepa.

Halafu majibu yenyewe ni asilimia, kwahiyo ukiwa na maambukizi makali vinasaba vyako mwenyewe vinajaa kwenye damu, ile ya figo inashuka, karatasi inasema uko poa. (Na kama alokuchangia ni pacha wako wa kufanana, sahau kabisa, vinasaba ni vilevile.)

Pale antibodi (askari wa kinga ya mwili) zinapoishambulia figo kipimo kinafanya kazi vizuri zaidi, hilo silipingi, na mgonjwa mwenye antibodi dhidi ya figo aliyopewa ningesema alipiwe hata kesho. Ila yule wa mwaka wa tano, kriatinini imetulia, antibodi hana, dawa anameza kwa wakati, kumpima kila baada ya miezi mitatu kwa hela ya umma mi naona kampuni zinazouza kipimo zilete kwanza ushahidi kwamba figo za wanaopimwa hivyo zinadumu zaidi.