Fundi akishawasha ndege, nani wa kuizuia?

Kwenye gereji moja hapa Majengo, Dodoma, fundi alimaliza breki za Noah, akafuta mikono, akasema: "Bosi, ngoja nikaijaribu hapo Ihumwa." Karudi jioni, mshale wa mafuta umelala. Benchi la kahawa likagawanyika: huku "polisi tu huyo", huku "kijana kashikwa na hamu."

Ubishi huohuo upo kwa mafundi wa ndege za kijeshi waliopaa bila ruhusa. Mei 1969, Sajini Paul Meyer, fundi wa jeshi la anga la Marekani aliyekuwa Mildenhall, Uingereza, aliomba likizo aende kwa mkewe, akanyimwa. Akalewa, akapiga simu akijifanya kapteni, akaagiza ndege ya mizigo ya C-130 ijazwe mafuta, akapaa peke yake. Angani aliongea na mkewe kwa redio. Hayakutimia masaa mawili tangu apae, ndege ikaangukia bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa.

Wanaomhurumia Meyer nawaelewa. Wakubwa wake walimwona mlevi, hawakumwona mtu aliyezidiwa na upweke. Ila huzuni haimpi mtu haki ya kupitisha tangi zima la mafuta juu ya paa za watu waliolala.

Howard Foote, fundi wa kikosi cha Marine huko California, anapendwa zaidi. Alitaka urubani, maradhi yakamkatia njia. Julai 4, 1986 akachukua ndege ya kivita aina ya Skyhawk bila ruhusa, akaizungusha juu ya Pasifiki, akatua salama. Alifungwa miezi minne na nusu. Sifa nyingi anapewa kwa kuwa alitua. Mimi simwongezei hata alama moja kwa hilo, maana angeanguka kosa lingekuwa lilelile.

Sasa wapenda adhabu nao wana kazi ya kueleza kisa cha Walter Holden. Mwaka 1966, huko Lyneham, Uingereza, mhandisi huyu alikuwa akipima hitilafu ya umeme kwenye ndege ya kivita aina ya Lightning, ikiwa ardhini. Mkono wa kuongeza nguvu ya injini ukapita kizuizi, ukagoma kurudi. Akapaa bila kifuniko cha kioo, kiti cha kumrusha rubani nje kwa dharura kikiwa kimefungwa pini, na akatua kwenye jaribio la tatu, baada ya dakika 12 hivi. Jela ingemzuia vipi huyu, ambaye hakutaka hata kupaa?

Ndiyo maana naona kufuli ianzie kwenye ndege yenyewe: injini isiwashwe na mtu mmoja, magurudumu yazuiwe kisawasawa, na mafuta yasitolewe kwa sauti ya kwenye simu.

Mwenye Noah alishaamua lake. Siku hizi fundi akisema anakwenda kujaribu, yeye yuko tayari kiti cha mbele, mkanda kaufunga.