Montserrat: waliorudi mashambani hawakuwa wakaidi

Kila mlipuko wa volkano wa Montserrat, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uingereza, unapozungumzwa, watu huishia kwenye tarehe 25 Juni 1997, na hukumu hutoka papo hapo. Siku hiyo, saa saba kasoro dakika tano mchana, sehemu kubwa ya kilima cha lava kilichokuwa kikijijenga juu ya mlima wa Soufrière Hills iliporomoka. Mawe, majivu na gesi ya moto viliteremka kwa kasi, vikafunika vijiji vya upande wa mashariki na kuua watu 19. Waliokufa walikuwa ndani ya eneo ambalo serikali ilikuwa imekwisha kulifunga. Sikio la kufa halisikii dawa, husema wengi, na mjadala unaishia hapo.

Walioamuru eneo lifungwe walikuwa na sababu nzito. Mwaka 1902, katika kisiwa cha Martinique kwenye bahari hiyo hiyo ya Karibi, wingu la gesi na majivu ya moto kutoka mlima Pelée liliuteketeza mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache, na watu wapatao 28,000 wakafa kwa sababu mji haukuhamishwa. Wingu la namna hiyo halikimbiliki kwa miguu, na hata gari ni bahati nasibu. Mwaka 1976, katika kisiwa jirani cha Guadeloupe, watu zaidi ya 70,000 walihamishwa kwa miezi kadhaa, kisha mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea. Lawama zilikuwa nyingi, lakini watu walikuwa hai kuzitoa. Kiongozi anayelazimika kuchagua kati ya makosa hayo mawili atachagua la Guadeloupe, na sina ugomvi naye.

Ila amri ya kuondoka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha mtu pa kwenda na cha kula akifika, na hapo ndipo wakulima wa Montserrat walipoachwa. Mlima ulianza kufuka Julai 1995. Wakazi wa Plymouth, mji mkuu, walihamishwa Agosti, wakarudishwa. Wakahamishwa tena Desemba, wakarudishwa. Aprili 1996 wakaondoka moja kwa moja. Waliokosa ndugu wa kuwapokea kaskazini walilala makanisani na shuleni, familia kadhaa chumba kimoja, na choo cha foleni. Mtu huvumilia hali hiyo kwa wiki mbili. Hawa waliambiwa wavumilie mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyeweza kuwaambia mwisho ni lini.

Kisha kuna ardhi. Udongo wenye rutuba ulikuwa kwenye miteremko ya mlima wenyewe. Kaskazini kulikosalia salama ni kukavu na udongo wake ni haba. Mkulima aliyeacha mazao yakiwa tayari kuvunwa na ng'ombe wakiwa kambani hakupewa shamba jingine. Wakati huohuo watu wote waliosongamana kaskazini walihitaji chakula. Baadhi ya waliokufa walikuwa wamekwenda kuvuna, wengine kuangalia mifugo, wengine walikuwa wamerudi kwenye nyumba zao kwa kuchoshwa na maisha ya makambini. Baadaye uchunguzi rasmi wa vifo hivyo ulikiri kwamba serikali kuchelewa kuwapatia wakulima ardhi kaskazini kulichangia baadhi ya vifo. Sehemu hiyo ya habari haisimuliwi sana.

Jambo ninalolirudia kila mara ni uwanja wa ndege. Uwanja wa kisiwa ulikuwa pwani ya mashariki, chini ya mlima uleule, na mpaka mchana ule ulikuwa ukifanya kazi. Ulikuwa na tahadhari zake, lakini wafanyakazi walikuwepo na abiria walipita. Wingu la moto lilisimama mita 50 hivi kabla ya kuufikia. Lingesonga kidogo tu, orodha ya wafu ingekuwa na watu waliokuwa kazini kwa idhini ya serikali, na wala tusingewaita wakaidi. Tungesema kisiwa kilihitaji uwanja. Basi kisiwa kilihitaji chakula pia.

London nayo haikusaidia. Agosti 1997, viongozi wa kisiwa walipodai msaada zaidi, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, alisema safari ijayo watataka tembo wa dhahabu. Mwezi huohuo Plymouth ilikuwa ikiungua. Kabla ya mlipuko kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Wengi wao walihamia Uingereza na visiwa jirani, na hadi leo idadi haijafika 5,000.

Tukiwa waadilifu, hata shamba lingepatikana, huenda wachache wangerudi kwao tu, maana nyumba ni nyumba. Hao amri ingewahusu kwa haki yote. Lakini kati ya kufunga kabisa na kuacha wazi kuna njia ya tatu, na Montserrat yenyewe inaitumia sasa: mchanga wa volkano huchimbwa na kupakiwa melini kwenye gati la Plymouth, ndani ya eneo lililofungwa, kwa kibali na chini ya uangalizi wa kituo kinachoupima mlima usiku na mchana. Mpango wa aina hiyo kwa ajili ya mavuno, pamoja na ekari chache kaskazini, ndio ambao wakulima wale walistahili kupewa mwaka 1997.