Ami Hakutia Saini Ile

Juzi nilikuwa nimekaa barazani hapa Wete, Magharibi inakaribia, na kijana mmoja anayenijua akaniwekea bahasha ya kaki mapajani. "Kaka, niangalilie hizi, naenda kutawadha." Zilikuwa karatasi za lile ombi la kutaka kura ipigwe siku moja tu, kura ya mapema, ile ya watendaji wa uchaguzi na askari wa zamu, iondoshwe. Mimi nimelitia saini ombi lile, na sijuti. Tuliyoyaona mwaka 2020, tarehe 27 Oktoba kundi hili na 28 Oktoba wengine sote, yananitosha kusema siku moja inatutosha.

Basi nikawa nazipekua, kwa furaha khasa, kuona nani na nani wamo. Karatasi ya tisa, mstari wa kumi na saba, nikakuta jina la ami yangu. Majina yake yote matatu, shehia yake sawasawa, na mbele yake saini ya kuzungushazungusha kwa kalamu ya buluu.

Ami alifariki mwezi wa Shaabani mwaka juzi. Mimi ni mmoja wa walioshuka kaburini kumlaza.

Na hata angekuwa hai, saini ile si yake. Ami hakukaa skuli hata siku moja. Alisoma chuo cha Kurani, na jina lake alijua kuliandika kwa herufi za Kiarabu tu. Udogoni nikifuatana naye msimu wa karafuu, magunia yakishapimwa huletewa stakabadhi, naye huinama akaliandika jina taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kalamu kaishika kwa vidole vitatu kama mtu anayetunga shanga. Akishamaliza hurudi mwanzo akatia nukta, moja moja. Foleni nyuma yake hungoja. Hakuna aliyemharakisha, kwa sababu kila mtu alijua kwamba lile ndilo jina la mtu, na mtu ana haki ya kuliandika atakavyo.

Aliyeiandika ile saini ya kuzungusha hakumjua ami. Alilitoa jina pahali, sijui ni orodha kongwe ya chama au ya msiba, akalijaza. Na hakuishia hapo. Nilipotazama vizuri, kutoka mstari wa kumi na moja mpaka wa thelathini mwandiko ni mmoja, ule ule wa kulaza herufi, na saini zote zina mkia wa aina moja.

Kijana aliporudi nilimuonesha. Alitazama chini. Akaniambia karatasi ile si yake, imeletwa na wenzake, na kwamba wameambiwa idadi lazima ifike. Simlaumu yeye sana. Nawalaumu waliomwambia idadi lazima ifike.

Kwa sababu idadi sasa inatembea kwenye simu za watu: saini 50,000 kwa siku tisa. Mimi nimewahi kukusanya saini, za maji, shehia yetu tu, na najua kazi ile ilivyo. Unabisha hodi, unakaribishwa, unaulizwa mama hajambo, unaeleza habari yako. Mwenye nyumba anatafuta miwani. Anakuuliza, "Na sheha analijua hili?" Unaeleza tena. Ukienda vizuri sana, jina moja ni dakika tatu, na sikumbuki jioni niliyopita majina arobaini. Sasa chukueni kalamu. Tuseme wakusanyaji ni ishirini, na nijuavyo mimi hawafiki. Kila mmoja anatakiwa alete majina 2,500 kwa siku tisa. Kwa dakika tatu kila jina, hizo ni karibu saa kumi na nne kila siku, bila kula, bila kusali, bila mtu hata mmoja kukwambia njoo kesho. Wapiga kura walioandikishwa Zanzibar nzima mwaka 2020 walikuwa 566,352. Elfu hamsini ni karibu mmoja katika kila kumi na mmoja. Kama ndivyo, barazani petu wangekuwamo kadhaa. Niliwauliza. Nilikuwa peke yangu.

Nakubali, kwa shida, kwamba mwandiko mmoja peke yake si ushahidi wa uongo. Wapo wazee wasioona vizuri wanaomwambia mjukuu niandikie. Ipo na desturi yetu ya mkuu wa nyumba kuwasemea wote walio ndani, akasema andika mimi na wanangu saba, na hakuna anayeona vibaya. Na ipo hofu. Mwaka 2008 wazee wa hapa Pemba waliopeleka waraka wao Umoja wa Mataifa walikamatwa, na watu hawajasahau kwamba karatasi yenye jina lako inaweza kukurudia nyumbani usiku. Mtu akikataa kuandika namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kwenye karatasi ya asiyemjua, namuelewa. Lakini hofu inaeleza kwa nini majina yawe machache. Haielezi kwa nini yawe mengi.

Na hapa ndipo panaponiuma. Sisi, watu wa upande huu, tumelia miaka mingapi juu ya majina hewa? Tumesimama mbele ya orodha zilizobandikwa ukutani, jua la saa saba, tukipitisha kidole jina kwa jina, tukisema huyu amekufa, huyu yuko Maskati, huyu hatumjui, huyu kaandikwa mara mbili. Mama yangu mzazi amesimama pale, na miguu yake ile. Tumesema kwa sauti zetu zote kwamba maiti hapigi kura. Halafu tunakwenda kwa wale wale tuliowaambia hivyo, kuwaomba siku ya kura ya mapema iondoshwe kwa sababu inatia shaka, na mkononi tumeshika karatasi ambayo maiti wetu ametia saini. Tutawatazama vipi? Wakitufungulia karatasi ya tisa mbele yetu tutasema nini?

Visiwa hivi si pahali pa kuchezea hesabu ya watu. Wazee wa Chake Chake mpaka leo wanalo lile la Januari 1961, jimbo lao lilipochukuliwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa kura moja. Kura moja, ya mtu mmoja aliyeamka asubuhi akavaa akatoka. Mwaka 1995, katika kura ya urais wa Zanzibar, Dk. Salmin Amour wa CCM na Maalim Seif wa CUF walitengana kwa kura 1,565 kwa hesabu iliyotangazwa, na maumivu ya namba ile tuliyabeba miaka. Watu waliopitia hayo wanajua mtu mmoja ana uzito gani. Ndiyo maana sielewi inakuwaje sisi tumfanye mtu mmoja kuwa kitu cha kutunga.

Uingereza waliyaona haya zamani. Tarehe 10 Aprili 1848 watu wa harakati ya Chartist walikusanyika Kennington Common, London, wakapeleka bungeni ombi lao la kutaka kila mwanamume mzima apige kura, tena kwa siri. Kiongozi wao, Feargus O'Connor, alisema lina saini zaidi ya milioni tano na laki saba. Makarani wa Bunge wakakaa wakahesabu. Wakapata 1,975,496. Na ndani yake wakakuta jina la Malkia Victoria, na la Duke wa Wellington, na majina ya mzaha kama pua bapa. Hayo ndiyo yaliyosomwa bungeni, hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini, na ombi zima likafa kwa kicheko. Hebu fikirini: karibu milioni mbili! Wafumaji, wachimba makaa, watu waliotoka kazini na mikono myeusi wakaandika majina yao, na kura ya siri waliyoitaka haikuja mpaka 1872. Hakuna aliyewakumbuka siku ile. Walizikwa chini ya majina ya uongo yaliyowekwa juu yao na watu wa upande wao wenyewe.

Hapa jirani, Kenya, wananchi wakitaka kuibadili Katiba yao, inataka saini milioni moja za wapiga kura. Kampeni ya Okoa Kenya ilipeleka karibu milioni 1.6, na mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikasema zilizosimama ni 891,598. Wakaishia hapo. Za BBI, mpango mwingine wa kuibadili Katiba hiyo, zilipita, lakini tume ilipoweka orodha hadharani Januari 2021 watu walijitafuta humo, na wapo waliokuta majina yao bila ya kutia saini popote. Na lile ombi la Uingereza la 2016 la kutaka kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya irejewe lilifutwa saini 77,000, nyingi zikidai zimetoka Vatican, pahali ambapo hata watu elfu moja hawafiki.

Kwetu idadi imegeuka kuwa ngoma ya kuonesha nguvu. Mwaka 2015 marehemu Edward Lowassa, akiomba kugombea urais wa Tanzania, alitakiwa na chama chake, CCM, wadhamini 450, akatangaza zaidi ya laki nane. Sisemi zilikuwa za uongo. Nasema hazikumuingiza hata katika tano bora, maana waliokuwa wakiamua hawakuwa wakihesabu saini.

Anayehakiki kweli haangalii wingi. Chama kikitaka usajili wa kudumu Tanzania kinatakiwa wanachama 200 katika kila mkoa wa mikoa kumi, mmoja Unguja na mmoja Pemba wakiwamo, na watu wa Msajili wa Vyama huja kuuliza hao wanachama wako wapi. Mia mbili tu, na wapo walioshindwa.

Nilichowaambia waratibu wetu ni kidogo. Kila karatasi iwe na namba, na chini yake jina la aliyeikusanya. Asiyejua kuandika atie dole gumba, na aliyemshikia kalamu aandike kwamba ameshika yeye. Kabla ya kutangaza lolote, zichukuliwe karatasi kumi bila kuchagua, watu watembee nyumba kwa nyumba wakaulize. Wakirudi na elfu sita basi iwe elfu sita. Elfu sita ya watu walio hai Pemba, waliojua wanachokisaini, wasioogopa kuitwa, ni jambo zito. Mimi ningetembea nyuma ya elfu sita hao mpaka Baraza la Wawakilishi.

Wamenijibu kwamba si wakati wake, kwamba nawapa maneno wapinzani wetu. Nimewajibu kwamba maneno wanayo tayari, yako karatasi ya tisa.

Mama nilimueleza jioni ile. Alinyamaza muda. Halafu akaniuliza, "Wameandika kwa herufi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Basi si yeye," akaendelea kuchambua mchele, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Saini yangu mimi iko karatasi ya kumi na mbili, mstari wa tisa, nimeitia kwa mkono wangu na sitaiondoa. Ya ami nimeomba ifutwe. Nimeomba kwa mdomo, kisha nikaomba kwa maandishi. Mpaka naandika haya haijafutwa, na tangazo kwenye simu bado linasema elfu hamsini.