Ile neti kwenye bustani ya mchicha

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu wiki iliyopita. Bustani ya mchicha kando ya ziwa, imezungushiwa neti ya buluu, zile za kuzuia mbu wa malaria, na chini yake mtu kaandika: "Serikali inatoa neti bure, wananchi wanalinda mboga. Mtoto akifa wanasema karogwa." Watu wamecheka mpaka basi.

Mimi sikucheka, kwa sababu wifi yangu anayo bustani kama hiyo na neti kama hiyo, na neti yake nimeishika kwa mikono yangu. Ina tundu ambalo kifaranga anapita bila kuinama. Ndiyo maana iko bustanini. Ndani ya nyumba ilishashindwa kazi. Nje angalau inamzuia jogoo.

Sasa mpiga picha angejisumbua kuuliza swali moja tu: mama, hii neti ulipewa lini? Lakini swali hilo lingeharibu utani.

Neti hizi tunaambiwa zinadumu miaka mitatu. Nani alisema? Labda mtu mwenye kitanda cha futi sita kwa sita, chumba chenye dari na ndoano nne. Kwa wifi neti inafungwa kwenye misumari iliyopigwa ukutani, asubuhi inakunjwa juu ili watu wapite, jioni inashushwa, kitanda cha miti kinaivuta huku, mtoto anaivuta kule. Inafuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani kwenye michongoma. Na si maneno yangu. Hapo Misungwi, si mbali na Mwanza mjini, watafiti walizifuatilia neti za aina nne vijijini, na zilichakaa kabla ya hiyo miaka mitatu kutimia. Sisi tunagawa kwa kalenda ya makaratasi, mbu anauma kwa kalenda ya matundu.

Utafiti huohuo wa Misungwi ulionyesha jambo jingine ambalo lilipaswa kutangazwa kwa vipaza sauti kwenye minada yote ya Kanda ya Ziwa. Mbu wetu wameizoea ile dawa ya zamani ya kwenye neti. Neti zilizochanganywa na dawa ya pili, klofenapiri, zilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia zaidi ya 40 katika miaka miwili, ukilinganisha na neti za kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likazipendekeza neti hizo. Damu iliyopimwa ni ya watoto wa hapahapa, wa Misungwi! Kwa hiyo mama aliyelala na wanawe ndani ya neti ya zamani kila usiku, bila kukosa, bado alikuwa anauguza. Naye huyo tukimkuta zahanati tunamuuliza, "Hamtumii neti?"

Swali hilo nimelisikia mwenyewe. Mwaka jana mtoto wa wifi, miaka miwili na miezi minne, alianza kutetemeka saa nane usiku, macho yamegeuka. Bibi yake, yaani mama yangu, akasema ni degedege, hakuna sindano, atafutwe wa kumfukiza. Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo sijayaombea radhi vizuri. Tukapanda bodaboda watu wanne na mtoto. Kituoni kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili haraka, akachomwa artesunate, na damu ikaonekana imepungua sana hivi kwamba kaka ilibidi atoe yake. Katikati ya hayo yote muuguzi akamgeukia wifi: "Mtoto analala kwenye neti?" Wifi akasema ndiyo. "Mngekuwa mnalala asingeumwa." Wifi alinyamaza. Mtoto alipona, lakini yale maneno wifi anayo mpaka leo.

Analala kwenye neti, ndiyo. Ila anasinzia saa moja na nusu jioni, kwenye mkeka jikoni, wakati ugali haujaiva, na anahamishiwa kitandani saa tatu. Watoto wako watano na neti ni mbili. Na mwezi ukiwa haupo, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wifi anatakiwa mwaloni, mitumbwi inakotua, saa kumi alfajiri, na mdogo yuko mgongoni. Neti gani inafungwa mgongoni?

Haya, nakiri, maana najua mtaniandikia. Wapo wanaozichukua mpya, bado ziko kwenye mfuko wake, wakaenda kuvulia. Nawajua wawili kwa majina na ni wanaume wazima, si akina mama. Wakamatwe. Na bibi wa degedege, mama yangu mwenyewe, naye ana makosa yake. Lakini usichukue wahuni wawili ukawafanya kuwa kijiji kizima.

Chanjo ya malaria? Wenzetu ng'ambo ya ziwa, Homa Bay kule Kenya, walianza kuwachanja watoto mwaka 2019, na watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwemo kwenye majaribio yake kabla ya hapo. Hilo nitaliandika siku nyingine nikiwa nimetulia. Kufukia madimbwi, sawa, ila nionyeshe atakayefukia Ziwa Victoria.

Mwaka 2022 watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa nchi nzima: kitaifa asilimia 8 walikuwa na malaria, Tabora 23. Kuna mikoa ambayo haifiki hata 1. Nina hakika mabingwa wengi wa kucheka picha wanaishi huko, na neti yao ya mwisho waliiona bwenini.

Jumamosi nilimnunulia wifi neti sokoni. Haina dawa, ndiyo iliyokuwepo. Ameifunga kwenye kitanda cha wadogo. Ile ya zamani bado iko kwenye mchicha, na nimeiongezea kamba upande wa chooni, maana mbuzi wa jirani ameanza kuinyemelea.