Michango ya shule: mbona bodaboda na mwenye Prado wanalipa sawa?

Tangu elimu bila ada ianze Tanzania Januari 2016 mjadala wa michango haujawahi kuisha, kila shule zikifunguliwa unarudi upya. Kuna wanaosema serikali ilishatangaza bure basi iwe bure kweli, mzazi asidaiwe hata mia, na kuna wanaosema jamani uji haujipiki wenyewe na mlinzi ana watoto wa kulisha, kila mzazi achangie mwanae. Wote wana hoja. Ila mi naona tunabishana tuchangie au tusichangie wakati swali kubwa ni nani anatoa kiasi gani, na hapo ndo mnyonge anapoumia.

Tuanze na waliofuta ada maana siku hizi wanabezwa sana. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada mpaka kidato cha nne, sekondari ya kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka na bweni elfu 70, halafu 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na sita. Madarasa yakafurika, watoto wakakaa chini, walimu wakazidiwa, hayo yote ni kweli kabisa. Lakini anayesema sera iliua ubora aniambie wale watoto waliofurika walikuwa wapi kabla ya hapo, wengine walikuwa machungani, wengine wanatembeza karanga stendi, wengine wanalea watoto wa watu mjini. Kwao hakukuwa na ubora wowote wa kuuliwa.

Sasa shida ni hela iliyoletwa badala ya ada. Ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kipindi cha MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, 2002, dola kumi kwa mtoto kwa mwaka, wakati huo ni kama shilingi elfu 10. Mwaka 2016 elimu bila ada inaanza kiwango bado ni elfu 10 ile ile, na dola ilishapita 2,000! Gawanya kwa siku za masomo kama 190 hivi unapata shilingi 50 na kitu kwa siku kwa mtoto, na hapo kuna sehemu inakatwa juu kwa juu kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Mwalimu mkuu atoe humo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, umeme, maji. Kwa hiyo mkuu wa shule anayeitisha kikao cha wazazi tusimuone mwizi moja kwa moja, wapo wapigaji kweli, ila wengi wamebanwa tu.

Na chakula ndo usiseme. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango na watoto kurudishwa nyumbani, wazazi wengi walishukuru na walikuwa na haki, mtoto kufukuzwa darasani kisa mzazi hana buku tano ni ukatili. Lakini agizo lilikuja bila hela ya kuziba pengo, na shule iliyokuwa inapika kwa michango ya mahindi na maharage isipochangiwa jiko linazima, mtoto anayetembea kilomita kadhaa anakaa na njaa mpaka jioni. Kwa hiyo anayetetea michango simuiti mkandamizaji, mara nyingi ni mama wa kamati ya shule ambaye ameona watoto wanasinzia saa tano asubuhi.

Ninapoachana nae ni kwenye namna inavyokusanywa. Kikao kinakaa, kinapitisha elfu 15 kila mtoto, wote sawa. Dereva bodaboda mwenye watoto wanne hapo anatakiwa elfu 60, mwenye Prado mwenye mtoto mmoja anatoa 15 na hashtuki. Hiyo ni kodi, tena kodi inayomkamua zaidi asiye nacho. Na mwenye Prado tunamkuta wapi huko, mwanae yuko mchepuo wa Kiingereza anafuatwa na basi getini, Kayumba, yaani shule ya serikali, hana habari nayo, kwa hiyo wanaobaki kuchangia shule ya umma ni wale wale wanyonge wakichangishana wenyewe kwa wenyewe. Simlaumu mzazi anayemtafutia mwanae shule nzuri, ila wenye sauti wakishahama wote nani atampigia kelele diwani kuhusu choo cha shule?

Hoja ya upande wa pili inayonigusa kweli ni ile ya jamii kuwa na uchungu na shule yake. Shule za kata enzi za Lowassa akiwa waziri mkuu zilijengwa sehemu kubwa kwa nguvu za wananchi, watu walisomba mawe, mchanga na maji, na huko upareni wana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, toka zamani. Sitaki hiyo ife. Lakini tuangalie, kwenye msaragambo asiye na hela alileta mikono yake na ikahesabika, leo kinachohesabika ni muamala kwenye simu.

Mi ningependa ruzuku isigawiwe flati. Shule ya Masaki, kwa matajiri wa Dar, na shule ya kijijini Kakonko, Kigoma, kupata kiwango kimoja kwa kichwa ni kuendeleza pengo, kule wazazi wanaweza kujazia, huku hawawezi. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tayari ina orodha ya kaya maskini kijiji kwa kijiji, shule yenye watoto wengi wa kaya hizo ipewe mara mbili hata tatu. Tukiziachia halmashauri haitafanya kazi, yenye mapato makubwa itafaidi na maskini itabaki palepale, lazima itoke hazina kuu. Wataniambia hela hakuna, lakini 2021 mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 ulipopatikana madarasa 15,000 yalisimama ndani ya miezi michache. Mkopo unalipwa sawa, na kuta hazili uji, ila ilionekana tukiamua tunaweza.

Hofu moja ya wanaopinga naikubali, mtoto kunyooshewa kidole kuwa ni wa TASAF. Ndo maana nasema hela iingie akaunti ya shule kwa idadi tu, na jina la mtoto lisisomwe popote, hata kwenye kikao cha wazazi.