Mchango Nao Ni Malipo

Juzi kwenye dirisha la duka la dawa hapa Houston nimeambiwa nitoe dola 3,000 ndipo nipewe sindano yangu ya baridi yabisi. Januari kadi ya msaada ya kampuni inayotengeneza dawa ililipa 3,000, Februari ikalipa 3,000 nyingine, ikaisha. Dada wa dirishani akanigeuzia kompyuta nione: kile kiasi cha kwanza ninachotakiwa kumaliza mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa kinasoma nimelipa sifuri. Eti pesa ya kadi si yangu, haihesabiwi.

Nikamkumbuka shangazi. Alipofanyiwa upasuaji Morogoro tulichanga kwenye grupu, huyu elfu ishirini, yule elfu tano, kijana wa bodaboda elfu mbili. Binamu akaitoa kwa wakala wa M-Pesa, akapanga foleni, keshia akahesabu noti, akagonga muhuri. Hakuuliza noti ipi ya nani. Bili ikilipwa imelipwa.

Najua mtakavyonijia: "Umeshaota mapembe, sisi huku tunaambiwa dawa haimo kwenye kifurushi, kanunue nje." Jamani, sijasahau. Nashukuru kwa kila dozi ninayoipata hapa. Lakini shukrani hainifumbi macho nisione dhuluma. Dola 6,000 zimeshalipwa kwa jina langu, na bado nadaiwa kama mtu ambaye hajatoa hata senti.

Wenye kampuni za bima wana hoja yao: kadi hizi huwapa watengenezaji nafasi ya kupandisha bei, na mgonjwa anaacha dawa nafuu anakimbilia ya ghali. Kwa dawa yenye mbadala nawaelewa. Yangu haina! Texas ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuzibana bima zihesabu msaada kwa dawa kama hii, ila haigusi mipango ambayo mwajiri analipia matibabu kutoka mfuko wake mwenyewe, kwa sababu mipango hiyo inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974. Na wa kazini kwangu ndio huo.

Wewe unayesema "basi rudi nyumbani", nijibu kwanza: ndugu yako akikulipia deni dukani, Mangi anakudai tena?

Barua ya rufaa nimeituma Ijumaa, nikaambatanisha risiti mbili za Januari na Februari. Zote zina jina langu.