Kiti Kinachopasha Mgongo na Kusahau Makalio

Gari langu ni la zamani kiasi kwamba, lingekuwa mtoto, tungekuwa tumekwisha kulitafutia mchumba. Lina kasoro nyingi ambazo nimezizoea kama mtu anavyomzoea jirani mlevi: mlango mmoja hufunguka kwa ndani tu, redio hushika stesheni inayoitaka yenyewe, na kioo cha nyuma hushuka kwa hiari lakini hakipandi mpaka kisukumwe kwa mkono. Hayo yote niliyasamehe. Nililoshindwa kulisamehe ni kiti cha dereva, chenye hita ndani yake, kilipoanza asubuhi moja ya baridi kunipasha mgongo peke yake na kuniachia makalio kama samaki aliyelazwa kwenye barafu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kiti cha abiria hakina dosari yoyote. Mke wangu hukaa, hubonyeza swichi, na baada ya dakika chache hufungua vifungo vya koti na kuniuliza kwa upole kwa nini nimekunja uso. Mimi ndiye ninayeliosha gari hilo, ninayelijaza mafuta na kulisukuma linapogoma, lakini joto limeamua kwenda kwa mgeni.

Fundi wa kwanza alikitazama kiti kwa macho tu, bila kipimo chochote, akatamka kwamba ni swichi. Wa pili hakukitazama kabisa. Alivuta pumzi ndefu, akaangalia juu, akasema, "Hiyo ni kompyuta, mzee wangu," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa za msiba. Niliondoka kwa hasira, nikaazima mita ya kupimia umeme, nikajitangaza kuwa fundi wa tatu.

Nilianza na fyuzi. Nilizichomoa zote, moja baada ya nyingine, nikizielekeza kwenye mwanga kama daktari anayesoma picha ya mapafu, na ni baada ya kuirudisha ya mwisho ndipo akili iliponijia: ikiwa mgongo wa kiti unapata moto, na fyuzi inayoulisha mgongo ndiyo inayolisha pia sehemu ya kukalia, basi fyuzi hiyo ni nzima na mimi ndiye mwenye hitilafu. Faida pekee niliyoipata ni saa ya dashibodi kurudi sifuri, na hadi leo inasoma muda wa nchi nisiyoifahamu. Kisha nilibadilishana swichi, ya kwangu nikaipeleka upande wa abiria na ya abiria nikaileta kwangu. Kiti cha mke wangu kiliendelea kuwaka kwa swichi yangu mbovu, na changu kikaendelea kuganda kwa swichi yake nzima. Swichi ikaachiwa huru.

Ilibidi kiti kitoke. Kinashikwa na bolti nne tu, ila chini yake kuna soketi ya manjano ya mfuko wa hewa wa usalama, na kitu hicho si cha kuchezewa, kwa sababu kikifyatuka utajikuta umekumbatiana na paa. Nilichomoa waya hasi wa betri, nikasubiri dakika kumi ili chaji iliyobaki ipungue, ndipo nikaifungua. Hadi hapo nilikuwa mtu mwenye busara, na ningeomba nikumbukwe hivyo.

Kipimo kilisema ukweli ambao mafundi wawili hawakuusema. Sehemu ya kukalia ya kiti cha abiria ilisoma ukinzani wa omu 2.5, maana yake kwa betri ya volti 12 inakula takriban ampea 5 na kutoa wati karibu 60, sawa na balbu ya zamani ya sebuleni inayoangaza mahali ambapo hakuna anayeiona. Mgongo wa kiti changu ulisoma omu 3. Sehemu yangu ya kukalia iliandika OL, yaani mita imefika mwisho wa uwezo wake na haijaona njia: waya umekatika.

Kava hushikiliwa na vipete vya chuma ambavyo aliyevibuni hakuwahi kuwa na vidole. Nilivikata kwa koleo kimoja kimoja, na katika mifereji ya sponji nikakuta sarafu, kalamu mbili na ufunguo ambao kwa miaka miwili nimekuwa nikimnunia shemeji yangu kwa sababu yake. Chini ya hapo kulikuwa na kitambaa kizito chenye waya mwembamba uliopinda kama nyoka anayetafuta kivuli, na karibu na ukingo, doa la kahawia lililoungua, dogo kama punje ya mtama.

Nilililinganisha doa hilo na mwili wangu, na jibu lilinifedhehesha. Mtu akikaa, uzito wake hutawanyika kwenye kiti kizima; akipiga goti moja ili afikie mzigo ulio kiti cha nyuma, uzito wote hukusanyika mahali pamoja na kuukunja waya. Nyuzi zake hukatika chache chache, umeme wote hujibana katika zile zilizobaki, nazo huwaka kupita kiasi hadi zinaungua. Na anayepiga goti pale kila siku ni mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya suruali. Cadillac ilianza kuuza viti vya namna hii mwaka 1966, kwa hiyo wanadamu wamepata zaidi ya nusu karne ya kujifunza kutovipigia magoti, na mimi sikuhudhuria somo.

Jirani alinishauri nisokote ncha mbili na kuzifunga utepe, na, kwa kuwa ushauri ni bure, niiruke na thamostati kabisa ili joto "lije kwa nguvu". Nilimkatalia yote mawili: kiungo kilicholegea hupata moto wake chenyewe na kuunguza upya, na thamostati ndiyo inayokata umeme kabla kiti hakijawa kikaango. Nilisafisha ncha, nikazibana ndani ya kibomba cha shaba, nikachomelea kwa lehemu na kuvisha mpira unaovumilia joto. Mita ikasoma 2.6. Nilipiga kelele za ushindi hadi jirani akafungua dirisha.

Hapo ndipo busara iliponitoka. Kwa pupa ya kuhakikisha, niliunganisha plagi ya hita peke yake, nikarudisha betri na kuwasha swichi kuu ya gari huku soketi ya manjano ikining'inia hewani. Kiti kilipata moto vizuri sana. Dashibodi nayo ikawasha taa nyekundu ya mifuko ya hewa, na ingawa baadaye nilirudisha kila kitu mahali pake, taa haikuzimika, kwa kuwa gari limeandika kosa langu katika kumbukumbu yake na halifuti mpaka lifutiwe kwa mashine maalumu.

Leo asubuhi tulipanda, makalio yangu yakiwa na joto kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Mke wangu akauliza taa ile nyekundu ni ya nini, na kama ni salama kwenda popote kabla haijazimwa. Si salama. Mashine hiyo, nimekwisha kuulizia, anayo fundi mmoja tu karibu nasi, naye ni yule aliyesema tatizo ni kompyuta.